Mkono Unaotia Chumvi

Luena, tarehe 9 Januari 1984

Léa mwanangu,

Nakusalimu mara moja tu, kwa sababu nimekasirika, na mtu aliyekasirika akisalimu mara tatu anajidanganya.

Jumapili imepita tena bila barua yako. Tulipatana nini siku unaolewa? Mila yetu hainiruhusu kula mbele ya mkwe wangu wala kukaa naye uso kwa uso. Basi tukasema kila Jumapili utaniandikia mmepika nini, nami nitakaa na barua yako mbele ya sahani yangu ya bukari, na tutahesabu kwamba tumekula pamoja. Miaka minne hukukosa. Nilijua siku mliyokula kuku, na nilijua siku mliyojifanya mmeshiba. Mwezi wa kumi na moja barua zikaanza kufupika. Tangu Noeli sijaona hata mstari.

Tangu tumzike baba yako mwezi wa nane, naandaa sahani moja tu. Barua zako ndizo zilizokuwa zinanikalisha mezani. Sasa nakula nikiwa nimesimama, sufuria mkononi, na si tabia nzuri kwa mwanamke wa umri wangu.

Nimempa mtu wa treni mfuko wako: unga wa mihogo wa kusongea bukari, karanga, samaki wakavu na chupa ya mawese. Nijibu kwa mkono wako mwenyewe.

Mama yako,
Kalombo


Kamina, kambi ya jeshi, tarehe 15 Januari 1984

Mama mkwe,

Unisamehe kwa kuwa ninayeandika ni mimi. Kwetu Équateur mkwe tunamwita bokilo, na yeye pia hachezewi, kwa hiyo heshima yenu naielewa. Najua hatutazamani usoni. Nimefikiri kwamba karatasi haina macho.

Léa ni mzima. Aliungua mkono kwa mafuta akikaanga samaki, ndiyo maana haandiki. Si jambo kubwa. Ameniomba nikupe habari za chakula.

Jana, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, tulioka mkate. Tanuri letu ni sufuria nzito juu ya mbabula, lile jiko dogo la makala, moto chini na makala mengine juu ya kifuniko. Unga unakandwa mpaka uache kushika vidole, unafunikwa kitambaa, unawekwa karibu na moto lakini si karibu sana, usije ukachacha. Leo baada ya misa tumekula bukari na sombe. Majani ya mihogo yalitwangwa hadi yakaisha nyuzi, yakachemshwa bila kifuniko ili uchungu utoke, kisha zikaingia karanga zako, kisha mawese. Mama Ève akaja akatia chumvi. Nyumba nzima ilinukia vizuri.

Asante kwa mfuko. Umefika bila kufunguliwa.

Wako kwa heshima,
Kaporali Likoke


Luena, tarehe 23 Januari 1984

Likoke,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma napata jambo jingine la kuuliza.

Kwanza, mkono. Unasema Léa ameungua. Basi nani alikanda unga? Nani alishika mchi? Sombe haitwangwi kwa mkono mmoja.

Pili, tangu lini mwanajeshi anajua kwamba sombe huchemshwa bila kifuniko? Marehemu mume wangu alikula sombe yangu miaka thelathini, na nadhani alikufa akiamini kwamba inachumwa ikiwa laini tayari. Wewe unaandika kama mtu aliyekuwa jikoni. Au kuna mwanamke aliyekaa karibu nawe akikuambia la kuandika, na huyo mwanamke si mwanangu.

Tatu, Mama Ève ni nani? Léa hakuwahi kumtaja. Nasikia huko kambini kila mwenye galoni begani ana "deuxième bureau" yake, mwanamke wa pembeni aliyepangishiwa chumba na kununuliwa masufuria. Mimi sijasema kitu. Nauliza tu ni mkono wa nani unaotia chumvi kwenye sufuria ya mwanangu, na wakati huo mwanangu yuko wapi.

Usinijibu kwa maneno matamu. Sukari nanunua mwenyewe.

Kalombo


Kamina, tarehe 5 Februari 1984

Mama mkwe,

Umenichekesha na umeniumiza kwa pamoja. Mama Ève ni mjane wa askari, nyumba ya pili kutoka kwetu. Ana wajukuu wakubwa Malemba-Nkulu na hana meno ya mbele. Anapokuja kutia chumvi, huja na fimbo yake na hulalamika njia nzima. Ungemwona ungecheka.

Tena ni Léa mwenyewe aliyetaka aitwe. Mimi nilikuwa nimeshachota chumvi, akanizuia: "Weye hapana. Muite ule mumama." Sikubishana. Kwangu chumvi ni chumvi, lakini kila nyumba ina sheria zake, na tangu siku hiyo hatuli mpaka bibi afike.

Mkono unaendelea kupona. Jumamosi hii tulioka mikate midogo, leo tukapika maharage na samaki wako. Léa alimaliza nusu sahani. Nilifurahi sana.

Likoke


Luena, tarehe 13 Februari 1984

Tamar, mtoto wa dada yangu,

Wewe uko hapo Kamina mjini, nyuma ya parokia, na miguu yako bado ni mizima. Nina kazi kwa ajili yako.

Léa haniandikii tena. Anaandika mume wake, yule kaporali wa Équateur, na barua zake zimejaa mambo ya jikoni. Anasema kuna bibi kizee anayeitwa Mama Ève, ambaye ndiye anatia chumvi. Angekuwa msichana, ningejua la kufanya: ningekuja na mwiko mkononi na mambo yangeisha. Lakini ni mzee, na hapo ndipo usingizi umenikimbia.

Umekulia kwetu, unajua. Mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi kwenye chakula cha nyumba. Huita mtoto wa kike au mzee aliyekwisha kuzaa. Ni siku chache tu, kisha chumvi inarudi mkononi mwake. Huyu bibi ametia chumvi Januari, na Februari bado anatia. Ni siku gani hizo zisizoisha? Labda Léa anaumwa na wananificha. Labda hayumo kabisa katika nyumba hiyo, na huyo mwanaume ananilisha barua ili niendelee kutuma mifuko. Tena anaandika kwamba mwanangu amemaliza nusu sahani, na kwamba amefurahi. Léa alikuwa anamaliza sahani yake na ya baba yake. Nani anafurahia nusu sahani?

Nenda kambini, usitume mtu. Umwone kwa macho yako na umguse. Wakikupa chakula, usikile kabla hujakitazama vizuri.

Mama mkubwa wako,
Kalombo


Kamina, tarehe 20 Februari 1984

Mama mkubwa,

Nimekwenda Jumamosi, na nimerudi na wasiwasi mkubwa kuliko niliokwenda nao.

Nilibisha hodi. Akatoka mwenyewe, amefunga kitenge cha mwanamke kiunoni, na mikono yake ni myeupe kwa unga mpaka viwikoni. Nikajitambulisha:

"Minyi Tamar, ndugu ya Léa. Nakuya kumuona."

"Iko analala," akasema.

"Saa sita ya muchana?"

"Njo vile. Alichoka."

"Alichoka na kazi gani, na njo weye uko na bunga mpaka huku?"

Akaitazama mikono yake, akaificha nyuma. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha, maana mwanajeshi asiyekasirika anaficha kitu. Pazia la chumba lilikuwa limefungwa. Nikaita kwa nguvu, "Léa! Léa, minyi Tamar!" Hakuna aliyejibu. Akasema taratibu, "Mama, tafazali. Rudia siku ingine."

Nilipogeuka kuondoka, nikasikia kutoka ndani mtu anagonga ukuta. Huyo kaporali akaruka, akakimbilia kwenye mbabula, akafunua sufuria. Mkate ulikuwa unaanza kuungua. Sijui ni ishara gani hiyo waliyopeana, Mama mkubwa, lakini ndani kuna mtu, na mtu huyo hakutaka kuonana nami.

Alinilazimisha kuchukua mkate mmoja wa moto. Sikuula. Nilimpa kuku kipande. Kuku bado anatembea, na leo ametaga. Mkate wenyewe nimeuweka juu ya kabati, unanukia vizuri mno, na hilo pia silipendi.

Tamar


Luena, tarehe 27 Februari 1984

Likoke,

Nilitaka kukuandikia kwa upole. Nimeshindwa.

Ndugu yake amekuja hadi mlangoni kwako na umemrudisha. Mwanangu anafungiwa pazia mchana kweupe. Unavaa kitenge chake. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umefika mwisho wake.

Kama Léa amekufa, niambie nilie. Nimeshamzika mume mwaka jana, najua kulia, hutanifundisha. Kama umemfukuza, sema alikokwenda. Kama anaumwa, sema anaumwa nini. Nasi tunasema mficha uchi hazai: anayeficha shida yake hapati wa kumsaidia. Msomee Léa maneno hayo, kama yupo wa kusomewa.

Nataka neno moja tu kwa mkono wake. Nisipolipata kabla mwezi wa tatu haujaisha, nitapanda treni, nitakwenda kwa padri wako, na kutoka kwa padri nitakwenda kwa kamanda wako. Mila itanisamehe nikikutazama usoni siku hiyo.

Kalombo, mama wa Léa


Kamina, tarehe 11 Machi 1984

Mama,

Léa yu hai. Naandika hilo kwanza ili uweze kukaa kitako.

Hakuungua mkono. Nilikudanganya. Mwezi wa kumi na moja mimba yake ilitoka, ya miezi mitano. Ulipomwona kwenye mazishi ya baba alikuwa nayo tayari, changa bado, na hakutaka kuitangaza mbele ya jeneza. Alikuwa msichana. Tulimzika hapa kambini, mimi na padri na Mama Ève.

Aliniapisha nisikuambie. Alisema, "Mama iko na kilio ya baba. Usimuongezee ingine." Wiki chache alijikaza akakuandikia, kisha kalamu ikamshinda. Tangu Noeli amelala akitazama ukuta. Haumwi, daktari amempima. Hasemi tu. Nikimuuliza jambo ananijibu kwa mabega. Tamar alipoita, aliziba masikio.

Jumamosi moja nikaona unga wa ngano umekaa bure, nikajaribu mkate. Uliungua chini, na juu ulikuwa mbichi. Nilimpelekea hivyohivyo, kwa sababu sikuwa na kingine. Akautazama, akacheka. Kidogo sana, Mama, lakini nilisikia. Kisha akasema, "Makala ya juu njo inapashwa kuwa mingi." Yalikuwa maneno yake ya kwanza wiki hiyo. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nikapika tena, nikamuuliza sombe inaanzwaje, akanieleza akiwa kitandani, mgongo kwangu. Siku nyingine hasemi. Jumamosi na Jumapili, sufuria ikiwa motoni, anasema. Anajua kila kitu kwa harufu. Siku ile ya Tamar ni yeye aliyegonga ukuta, alisikia mkate unaungua.

Wenzangu wananicheka kwa kitenge. Waache wacheke.

Ile methali yako nilianza kumsomea kwa sauti kabla sijajua inaelekea wapi. Nilipofika "hazai" nilinyamaza, lakini alikuwa ameshaisikia. Alilia mchana wote. Sikulaumu, hukujua, na aliyekufanya usijue ni mimi. Lakini alipomaliza kulia alisema, "Mumuandikie."

Jambo moja bado linanishinda. Nilimwambia inuka, njoo angalau utie chumvi, sufuria ni yako. Alikataa kwa hofu ya kweli. Sijui anaogopa nini. Kama wewe unajua, niambie nifanye nini.

Likoke


Luena, tarehe 19 Machi 1984

Mwanangu Likoke,

Nimelia, nimemaliza, sasa nakaa kukuandikia. Nitalia tena baadaye.

Ninyi wawili mmenihurumia mpaka mkaniumiza. Umeniogopa mahali hasa ulipotakiwa kuniita. Sikiliza, kwa kuwa kwenu hamna jambo hili na Léa hakuweza kukuambia bila kukuambia uniite.

Mwanamke wa kwetu akipoteza mimba, mkono wake unaondolewa kwenye chumvi. Si adhabu, anapumzishwa. Lakini mkono huo haujirudishi wenyewe, na mume hawezi kuurudisha, wala jirani, hata awe mzee kiasi gani. Ni mama yake aliyemzaa anayekuja, anashika mkono wa binti yake, wanatia chumvi pamoja mara moja, na jiko linakuwa lake tena. Kwangu mimi alikuja mama yangu. Ndiyo, mimi pia, kabla ya Léa. Sikuwahi kumwambia. Unaona kwamba kuficha hakuanzia kwenu.

Kwa hiyo mwanangu amekuwa akimlinda mama yake dhidi ya kilio, na kumbe ameufungia mlango mkono pekee ambao ungemwinua. Miezi yote hiyo amelala akijua anayehitajika, na akikataa aitwe. Ni mkaidi. Nilimzaa hivyo.

Nakuja na treni mwisho wa mwezi. Jumapili hiyo injika sufuria, pika kama ulivyofundishwa. Usitie chumvi. Mwambie Mama Ève namshukuru, na kwamba siku hiyo aje kama mgeni.

Methali ile naila mwenyewe.

Kalombo


Luena, tarehe 9 Aprili 1984

Likoke,

Nimefika salama. Mgongo unauma, treni ilisimama porini kwa muda mrefu bila mtu kutueleza kitu.

Nataka kusema jambo ambalo sikuweza kusema pale. Mkono wa Léa ulipokuwa ndani ya mkono wangu, chumvi nyingi ilimwagika mkekani. Nilidhani atauchomoa na kurudi kitandani. Hakurudi. Alichukua mwiko akakoroga, akakutafuta kwa macho, na wewe ulikuwa umeshatoka kwenda uani kwa ajili ya heshima yangu.

Ndipo nilipokuja kukaa kizingitini na kukupa mgongo, nawe kwenye kigoda chako ukanipa wako, na mkate katikati. Nimefikiri sana njiani kama tulikosea. Mila inasema mkwe na mama mkwe wasile wakitazamana. Kuhusu migongo sijasikia chochote. Mkate wako ni mzuri. Umezidi kidogo kuiva chini.

Sasa, mimi ni mzee na nimeshadanganywa mara moja, kwa hiyo sikuamini kabisa. Najua mtu anaweza kuinuka siku mama yupo na kulala tena mama akiondoka. Niandikie siku ya Pasaka. Uniambie ukweli nani ametia chumvi. Kama ni Mama Ève, sema ni Mama Ève, nitarudi.

Kalombo


Kamina, Pasaka, tarehe 22 Aprili 1984

Mama,

Heri ya Pasaka kutoka kwetu sote. Tamar alikuja kula, akatukiri habari ya kuku wake, na safari hii mkate aliuonja mwenyewe kwanza.

Jana nilitoka salongo nikakuta mbabula imeshawashwa. Nilikwenda kuchota maji. Leo kulikuwa na kuku, bukari na sombe. Mama Ève alikaa kwenye kiti kama mgeni, akalalamika kwamba anachelewa kuhudumiwa.

Umeomba ukweli, nami nimeacha uongo. Chumvi ilizidi. Ilizidi sana, Mama, kuku alikuwa kama ametoka baharini. Nadhani mkono ulikuwa umesahau kipimo. Tamar alikunywa maji vikombe vitatu. Mimi nilikula sahani mbili na nikaomba ya tatu.

Mkwe wako,
Likoke

Mama, usimwamini. Chumvi ilikuwa sawasawa.

Léa